Ishara ya mukono inangojea maneno

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati yetu ya raia, Kisangani, tarehe 17 Januari 2026



Leo ni siku ya Lumumba. Kesho kule Rabat, Senegal na Morocco watacheza finale ya CAN. Sisi tulitoka tarehe 6, mbele ya Algeria, goli moja kwa sifuri, dakika ya 119, wakati kila mutu alikuwa anahesabu tayari nani atapiga penalti. Sitarudilia ile mechi. Kila mumoja wenu hapa ni koche, na toka siku ile nimesikia timu kumi na moja tofauti mu nganda moja tu.

Niliombwa niseme juu ya mupira na inchi yetu. Nitaanza na mutu ambaye hakugusa mupira hata mara moja mu CAN hii, na ambaye dunia nzima imemuona. Anaitwa Michel Kuka Mboladinga. Mitandaoni munamujua kama Lumumba Vea. Mechi ya Benin, mechi ya Senegal, mechi ya Botswana, mechi ya Algeria: alisimama na suti yake, mukono wa kuume juu, bila kutikisika, kama vile sanamu ya Lumumba iliyo kule Limete, Kinshasa. Bongonda anafunga, wote wanaruka, yeye amesimama. Bakambu anafunga, wote wanalia kwa furaha, yeye amesimama.

Kisha ikakuja ile mechi ya Algeria. Walipotufunga, muchezaji wao Amoura akamuiga: akainua mukono vile vile, halafu akajiangusha chini. Tulikasirika sana, munajua ni maneno gani tuliandika usiku ule. Kesho yake yule muchezaji akaomba musamaha. Akasema hakujua ile ishara ilikuwa na maana gani.

Nataka tusimame hapo, ku hilo neno: hakujua. Kumutukana ni rahisi, na megabaiti zilikwisha kwa kazi hiyo. Lakini mimi nauliza: nani alipaswa kumwambia? Na sisi wenyewe hapa Kisangani, tunajua?

Lumumba ni wa Sankuru kwa kuzaliwa, lakini siasa yake ilikomalia hapa. Alifanya kazi ya posta mu muji huu, wakati uliitwa Stanleyville. Hapa ndipo alikuwa na watu wake, hapa walimuchagua mwaka 1960. Alipotoroka nyumba yake Kinshasa mwezi wa Novemba 1960, alikuwa njiani kuja kwetu. Walimukamata kabla hajafika. Tarehe 17 Januari 1961 wakamuua kule Katanga, pamoja na Mpolo na Okito. Yule mutu aliyesimama Rabat, alisimama kwa mutu aliyekuwa anarudi Kisangani. Ukiwa wa Kisangani na hujui hilo, Amoura ana kosa gani zaidi kuliko wewe?

Ishara bila mutu wa kuieleza inaweza kugeuzwa kichekesho. Na kwetu si mara ya kwanza.

Mwaka 1974. Léopards wanachukua kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba anafunga magoli 9 mu mashindano moja, na mupaka leo hakuna aliyemufikia. Miezi mitatu kisha, wanaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara. Scotland, 2 kwa 0. Yugoslavia, 9 kwa 0. Halafu Brazil. Brazil wanapata mupira wa adhabu, Rivelino anajitayarisha kupiga. Mara Mwepu Ilunga anatoka mu ukuta wa wenzake, anakimbia, anapiga ule mupira mbali. Mwamuzi anamupa kadi ya njano. Dunia ikacheka, na miaka yote ile video ilizunguka kwa kuonyesha kwamba Waafrika walikuja Kombe la Dunia bila kujua sheria.

Mwepu alieleza kisha. Alisema alijua sheria vizuri sana. Walikuwa hawajalipwa pesa zao, na watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha: mukipigwa zaidi ya 3 na Brazil, musifikiri kurudi nyumbani. Kile alichofanya kilikuwa njia yake ya kukataa. Lakini maelezo yake yalikuja akiwa muzee, na kicheko kilikuwa kimekwisha zunguka dunia. Mwaka ule hakuna mutu mu inchi hii aliyeweza kusimama na kusema: ngojeni, musicheke, mutu huyu anawaambia kitu.

Na Ndaye mwenyewe? Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na gari, na picha zikapigwa. Kisha wakasahauliwa. Mwaka 1998, ku CAN ya Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja ya kimya kwa ajili ya Ndaye Mulamba, sababu habari zilisema amekufa mu shimo ya almasi kule Angola. Ndaye alikuwa muzima. Alikuwa Cape Town, anachunga magari ya watu mu parking. Alikufa kwa kweli mwaka 2019. Mutu mwenye rekodi ya Afrika nzima, na hakuna aliyehakikisha kama yuko hai ao amekufa. Mulishike hilo, nitarudia.

Sasa tarehe 7 Februari 2024, nusu finale, Abidjan, sisi na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu waliweka mukono mumoja ku kinywa, na vidole viwili vya mukono mwengine ku kichwa, kama bunduki. Hapo hakuna aliyecheka. Sababu ni moja: maneno yalitangulia ishara. Bakambu alikuwa ameandika siku zile kwamba wote wanaona mauaji ya Mashariki na wote wananyamaza, na kwamba nguvu wanayotia ku kuonyesha CAN watie pia ku kuonyesha yale yanayotufikia. Koche Desabre naye alieleza. Mechi tulipoteza kwa goli la Haller, lakini picha ilibaki.

Kuna watu wanasema: ile ishara ilisaidia nini? Mwaka mumoja kisha, Januari 2025, Goma ikaanguka. Februari, Bukavu. Ni kweli. Mukono ku kinywa hauzuii risasi, na wachezaji hawakusema utazuia. Wao walifanya sehemu yao kwa muda wa wimbo mumoja. Baada ya hapo walirudi ku kazi yao ya mupira. Swali ni la sisi tuliobaki na siku zote zingine: tulifanya nini na ule mulango waliotufungulia? Tulibadilisha picha ya profili.

Nasema haya bila kudharau furaha ya mupira. Novemba iliyopita, Mbemba alipomufunga Cameroon dakika za mwisho, na siku tatu kisha alipopiga penalti ya mwisho mbele ya Nigeria, mimi nilipiga kelele mupaka sauti ikapotea, na nilibebwa juu ya toleka na mutu nisiyemujua. Sikuja hapa kuwaambia muache mupira. Nimekuja juu mupira unaonyesha kitu tunachoweza.

Angalieni. Siku ya mechi umeme ukikatika, kartie nzima inachanga esanse ya grupu mu dakika tano. Hakuna anayeuliza wewe kabila gani, Mumbole ao Mulengola. Na tunajua hesabu! Muulize mutoto wa Mangobo mechi ya Misri ya 2024, atakuambia: 1 kwa 1, halafu penalti 8 kwa 7, ya mwisho alipiga kipa Mpasi. Muulize dakika ya goli la Algeria. Hakosei.

Sasa mimi nauliza swali lingine. Mu vita ya siku sita hapa Kisangani, walikufa watu wangapi?

Ninyi vijana munaangaliana. Wazee wanainamisha kichwa.

Kuanzia tarehe 5 mupaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana mu muji wetu kwa silaha nzito, wakigombania inchi isiyo yao. Ilikuwa mara ya tatu: Agosti 1999, Mei 2000, halafu Juni. Bombe zilianguka juu ya nyumba, shule, hospitali, hata Katedrali Notre-Dame. Mimi nilikuwa mu tumbo la mama, na mama alikuwa chini ya kitanda, komine ya Tshopo, karibu na daraja. Nina miaka 25. Wengi wenu muna umri huo huo. Sisi ni watoto wa ule mwaka.

Na munajua tarehe 10 Juni 2000, siku bombe ziliponyamaza, dunia ilikuwa inaangalia nini? Ilikuwa ufunguzi wa Euro 2000. Brussels, uwanja wa Mfalme Baudouin, Ubelgiji na Uswidi. Ubelgiji walishinda 2 kwa 1. Goli la pili alifunga Émile Mpenza, mutoto wa baba Mukongomani, na kaka yake Mbo, aliyezaliwa Kinshasa, alikuwa mu timu ile ile. Damu yetu ilikuwa inafunga goli Brussels siku ile watu wa Tshopo walikuwa wanazika mu viwanja vya nyumba. Uwanja wenye kujaa, ndugu zetu mbele ya kamera, na hakuna mukono uliowekwa ku kinywa. Siwalaumu ba Mpenza. Nani alikuwa amewaambia? Ni maneno gani yalikuwa yamefika kwao kutoka hapa?

Mukitaka dakika za magoli ya mechi ile, muntazipata: 43, 46, 53. Zimeandikwa. Wafu wetu nao? Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka 2010, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo. Kati ya 244 na 760. Toeni: ni watu 516. Watu 516 ambao hatuwezi kusema kama wamo ao hawamo. Ukiwaweka ku viti vya uwanja, wanajaza kona nzima. Ni kama Ndaye wa Cape Town, lakini kwa upande mwengine: yeye walimuhesabu mufu akiwa hai, hawa hakuna anayewahesabu kabisa.

Na hii hesabu si ya huzuni tu, iko na pesa ndani. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara yaliyofikia watu. Malipo ni milioni 65 kila mwaka, mara tano, kuanzia Septemba 2022. Pigeni hesabu: ya tano, ya mwisho, ni Septemba ya mwaka huu. Serikali iliunda mufuko wa kugawanya zile pesa, FRIVAO, na makao yake ni hapa kwetu. Tumeona nini? Kuna wahanga wanaozunguka na makaratasi yao na majina yao hayaonekani ku liste. Na mwezi wa Septemba 2025, Mahakama ya Kasasyo ilimuhukumu waziri wa sheria wa zamani miaka mitatu ya kazi ya nguvu, juu ya dola milioni 19 na zaidi za mupango wa jela ya Kisangani, pesa zilizotoka ku mufuko wa wahanga hao hao.

Mutu anaweza kula pesa ya wahanga kwa urahisi wakati hakuna anayejua wahanga ni nani na ni wangapi. Mu mupira huwezi kuiba goli mbele ya watu elfu hamsini wanaohesabu. Wizi unapenda pahali ambapo hesabu ni «kati ya 244 na 760».

Kwa hiyo, wandugu, nawaomba vitu vitatu, kuanzia leo mupaka Juni.

Cha kwanza, daftari. Kila kundi letu ku kila komine lifungue daftari moja: Tshopo, Makiso, Mangobo, Kabondo, Kisangani, na wandugu wa Lubunga wavuke muto waje tusaidiane. Tupite nyumba kwa nyumba. Jina la aliyekufa, umri, avenue, siku, nani alimuona, nani alimuzika na wapi. Tutafute mashahidi wawili kwa kila jina. Aliyeumizwa, aliyepoteza nyumba, aandikwe pembeni. Wenye umri wa kuona vizuri vita ile leo wamekuwa wazee, na kila mwezi tunazika mumoja wao pamoja na majina anayobeba mu kichwa. Na musikilize vizuri: hakuna kuchukua hata franka moja ku muhanga. Hakuna kumuahidi pesa. Hakuna kubandika jina la mama aliyebakwa ku Facebook. Daftari inakaa na watu wawili, kopi moja kwa avoka. Anayefanya biashara na daftari, atatoka mu harakati siku ile ile.

Mutaniambia: pesa ya kazi hiyo itatoka wapi? Ni daftari na biki. Kwa mupira tunachanga esanse ya grupu. Kwa wafu wetu hatuwezi kuchanga fotokopi? Na watu wanapenda kusema vijana wa Kisangani hawana kazi. Ni kweli, mimi niko na lisansi mu sanduku na sina kazi, na hapa mbele yangu naona lisansi zingine nyingi. Serikali haikutupatia kazi, lakini ilitupatia wakati. Tuutumie wakati huo ku kitu kinachowasumbua.

Cha pili, barua. Tutauliza FRIVAO na wizara kwa maandishi: kwa kila malipo ya Uganda, ziliingia ngapi, zimelipwa kwa nani wangapi, zimebaki ngapi? Na liste za wahanga zibandikwe ku bureau ya kila komine, mutu ajisomee mwenyewe. Tutapeleka na kuomba stempu ya kupokea. Wakikaa kimya tutarudi. Ya mwisho ya Septemba isiingie mu giza kama zile zingine.

Cha tatu, tarehe 10 Juni. Mwezi wa Machi Léopards wataenda Mexico kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Tukishinda, itakuwa mara ya kwanza toka 1974, toka Mwepu. Kombe linaanza tarehe 11 Juni. Mumeona? Tarehe 10 ni siku yetu, tarehe 11 ni siku ya dunia. Nataka tarehe 10 Juni tukutane, na daftari zetu. Tutamuandikia meya mapema, sababu kifungu cha 26 cha Katiba kinadai tu kumujulisha mukubwa kwa maandishi. Hakisemi kuomba ruhusa. Hakuna jiwe, hakuna pneu ya kuchoma. Tutasimama na mukono ku kinywa kama wachezaji wa Abidjan. Halafu mumoja mumoja, kila mutu atatoa mukono ku kinywa na kusoma jina moja. Akimaliza, mwengine. Jina, umri, avenue. Mupaka daftari ziishe, hata kama ni usiku.

Tukiwa na timu Kombe la Dunia, zile video zitawafikia wachezaji. Siku muandishi wa Ulaya atamuuliza Mbemba ao Wissa juu ya inchi yao, hawatakuwa na ishara tu. Watakuwa na majina na hesabu. Na tusipoenda Kombe la Dunia? Majina yatasomwa vile vile. Wafu wa Tshopo hawangojei matokeo ya Mexico.

Kesho tutaangalia finale, na mimi nitakuwa pale, musinitafute kwa mukutano. Lakini Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, kundi la komine ya Tshopo linaanzia karibu na daraja. Kila mutu aje na biki yake.